Kufuli Si Malezi



Juma hili naomba tutafakari jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni vitabu wanavyosoma vijana wetu. Nimemaliza kusoma, kimoja baada ya kingine, vitabu kadhaa ambavyo vijana hupeana mkono kwa mkono, vingine vya hadithi na vingine vya katuni, nami nitasema nionavyo bila kuficha. Wapo watakaochukizwa. Afadhali tuchukizane tukiwa tumesoma, kuliko kukubaliana tukiwa hatujafungua hata ukurasa mmoja.

Mtakumbuka kwamba mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, kwa hoja kwamba havilingani na mila, desturi na maadili yetu. Miongoni mwake vilikuwamo vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kazi ya Mmarekani Jeff Kinney, ambavyo ni nusu maandishi na nusu katuni. Niliwasikia wengi wakilishangilia tangazo lile. Nikawauliza baadhi yao: je, umesoma kipi kati ya hivyo? Jibu lilikuwa moja: hakuna.

Sitavitetea vitabu vyote 16, kwa kuwa sikuvisoma vyote, na asiyesoma hana haki ya kusifu wala ya kulaani. Lakini kitabu cha kwanza cha Kinney, kilichotoka mwaka 2007, nimekisoma. Si kitabu kikubwa. Mizaha yake hujirudia, wazazi na walimu huchorwa kama watu wasioona wala kusikia, na maisha ya nyumba ile yako mbali sana na maisha ya mtoto wa Zinga. Mvulana mwenyewe, Greg, ni mvivu, mwoga na mpenda nafsi. Hayo yote ni kweli. Ila hebu tazameni kisa chenyewe. Greg, akiwa amevaa koti la rafiki yake Rowley, anawakimbiza watoto wadogo akiwatisha kwa nyungunyungu. Lawama inamwangukia Rowley, na Greg ananyamaza. Anamwacha rafiki yake aadhibiwe kwa kosa lisilo lake. Baadaye ukweli unajulikana, na Greg anapoteza cheo pamoja na rafiki. Kisha mwishoni, vijana wakubwa wanapomlazimisha Rowley kula kipande cha jibini kilichooza, Greg anasimama mbele ya wenzake na kujitwika yeye mwenyewe aibu ile, ili rafiki yake asichekwe.

Nawauliza, wapendwa: hapo maadili yetu yamevunjwa wapi? Mtoto anayecheka anapomsoma Greg hafundishwi kuwa Greg. Anacheka kwa sababu ameuona uoga wa Greg, na pengine ameuona na wa kwake.

Wala wahusika wa namna hii si wageni kwetu. Ni nani katika pwani hii aliyekua bila kusimuliwa hila za Abunuwasi na ujanja wa Sungura? Ni nani katika rika langu asiyelijua gazeti la katuni la SANI, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambamo Ndumilakuwili alilaghai, Lodi Lofa akajikweza na Madenge akawasumbua wakubwa kwa utundu wake? Kusema kweli, kwa habari ya heshima ya mwanamke, michoro mingi ya SANI ilistahili kukemewa kuliko lolote nililolikuta kwa Kinney. Hata hivyo tulikua, tukacheka, na wengi wetu tulijifunzia humo kusoma Kiswahili kwa furaha. Greg ni Madenge aliyezaliwa Marekani. Mbona wa kwetu tulimwita mtundu, na wa kwao tunamwita hatari?

Sasa niiguse hoja yenyewe, ile ya mila na desturi. Nasema waziwazi kwamba hicho ni kipimo kibovu cha kupimia kitabu cha kijana. Chukueni Takadini, riwaya ya Ben Hanson, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari wameisoma kwa miaka mingi. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila ya kijiji chake inaamuru mtoto huyo afe. Mama anamfunga mgongoni, anatoroka, anakwenda kuishi ugenini ili mwanawe aishi. Kitabu chote ni uasi dhidi ya mila. Tungekipima kwa kipimo cha Februari 2023, kingekuwa cha kwanza kutupwa nje. Nasi tunaishi katika nchi ambayo, kuanzia mwaka 2007, ilitikiswa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyofanywa na watu waliojitetea kwa imani walizorithishwa. Je, kijana wa Tanzania alihitaji kitabu kinachokubaliana na imani zile, au kinachozikanusha?

Na sisi watu wa Bagamoyo tuna sababu zaidi ya kulielewa hili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani zetu hawa, ndiye aliyeandika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Mtoro aliandika habari za ndoa, ngoma, uganga, jando na unyago. Aliandika pia habari za utumwa, kwa maana utumwa nao ulikuwa desturi ya pwani hii. Hakuchagua mazuri peke yake. Basi mtu anapotuambia kwamba kitabu fulani ni kinyume cha desturi zetu, tuwe na ujasiri wa kumwuliza: desturi ipi? Ile ya kumheshimu mgeni, au ile ya kumuuza mwanadamu sokoni? Neno desturi peke yake halitoshi kuhukumu chochote. Linalohukumu ni ukweli na wema.

Nitatoa mfano mwingine, na huu unatugusa Wakatoliki kwa jina lake. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyepita seminari, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Jina hilo ni la Bikira Maria katika litania ya Loreto. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa sababu ya ukali wa mambo yaliyoandikwa humo. Leo kinahesabiwa kati ya nguzo za riwaya ya Kiswahili. Kinasimulia nini? Kinasimulia habari za baba mlevi, Zakaria, anayempiga binti yake bila huruma kwa sababu ya barua ya mvulana. Alimzuia, alimtisha, alimlinda kwa fimbo, ila hakumfunza kitu. Binti alipofika mahali ambapo fimbo ya baba haikufika, akaangamia. Wale waliokizuia kitabu hicho walifanya kwa kitabu yale yale aliyoyafanya Zakaria kwa Rosa. Kwangu mimi si kitabu cha mtoto wa darasa la tano, na mwisho wake ni wa giza mno. Lakini ningependa kila mzazi mwenye binti akisome kabla hajashika fimbo.

Wapo watakaoniambia: Padre, Kanisa lenyewe lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Naam, lilikuwa nayo, tangu mwaka 1559. Likaiondolea nguvu ya sheria mwaka 1966, baada ya karne nne. Likaiachia dhamiri iliyolelewa vizuri kazi ambayo orodha haikuweza kuifanya.

Wengine watasema: je, tuwaachie watoto wasome kila kitu? La hasha. Vipo vitabu visivyomfaa mtoto, na Serikali ina wajibu wa kuangalia kinachoingia darasani. Umri una maana yake. Lakini mwenye kuzuia na akisome kwanza kitabu, akitaje, aseme ni ukurasa upi na kwa sababu ipi, na aseme pia atampa mtoto kipi badala yake. Kwa maana hapa ndipo penye aibu yetu. Tunagombana juu ya vitabu vya kuondoa, ilhali katika nyumba zetu nyingi hakuna kitabu hata kimoja cha hadithi cha kuondoa! Tena vile vizuri tulivyo navyo tunaviua kwa mtihani. Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo juu ya watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wanaoishia kuokota vitu jalalani, ni kitabu cha kumliza mtu. Vijana wetu wanakijua kwa njia gani? Kwa muhtasari ulioandikwa ubaoni: dhamira, wahusika, mandhari. Wanakariri umaskini wa Mama N'tilie ili wafaulu, na wengi wao hawajakisoma kitabu chenyewe mpaka mwisho.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani pwani hii ilikuwa na somo na kungwi, ilikuwa na bibi wa kusimulia hadithi jioni. Wale walikaa na kijana, wakamwambia ya mwili na ya moyo. Leo tumeziacha nafasi hizo wazi, kisha tunakasirika kitabu cha kigeni kinapoingia kukalia kiti tulichokiacha sisi wenyewe.

Basi, ninyi wazazi, nawaomba jambo moja. Juma hili mwulize mwanao anasoma nini. Usimnyang'anye. Mwazime, ukisome usiku mmoja, kisha kaa naye umwambie ulichokipenda na kilichokuudhi, na usikilize atakachojibu. Kama kitabu ni kibaya, atakijua ubaya wake akiwa nawe. Kama ukikifungia kabatini, atakisoma kingine kwa siri, peke yake, bila mtu wa kumwuliza.

Nawatakieni juma jema.

Paroko wenu, Zinga