Njia Nane za Sauti, Hata Moja Si Yetu

Vijana wenzangu wa Kahama, Shinyanga na Geita, tumelogwa na namba. Kaa kijiweni usikilize mabishano: eti deki ya DVD imepitwa na wakati, Blu-ray ndiyo yenyewe. Ile picha yake nukta 720 kwa 576, hii 1920 kwa 1080. Ile sauti njia sita, hii njia nane, tena safi kama ilivyotoka studio. Mwenye sabufa kubwa ndiye mwenye neno la mwisho. Haya, namba hizo ni za kweli. Lakini mbona hakuna anayeuliza sauti hiyo inasema na nani?

DVD ilipangiwa nafasi nane za sauti, ili filamu moja ibebe lugha kadhaa. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006 na kuibwaga HD DVD ya Toshiba mwaka 2008, ikafikisha nafasi 32. Thelathini na mbili, jamani! Sasa fungua orodha ya lugha kwenye filamu ya Marekani iliyofika mtaani kwako. Kiingereza kipo, Kifaransa kipo, Kihispania kipo. Kiswahili utakitafuta kwa tochi.

Aliyeziba pengo hilo hakutoka kiwandani Japani. Ni watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyeshika kipaza sauti akasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, ikiwemo Karishika ya Nigeria, akatia chumvi na utani wake mwenyewe. Simulizi za namna hiyo zilisambaa kwa kanda na VCD, santuri ya kimaskini yenye picha ya nukta 352 kwa 288 na sauti ya njia mbili tu. Msimuliaji akifungua kinywa, muziki na mabomu vinashushwa. Fundi wa sauti wa Ulaya angelia machozi! Lakini ndani ya kibanda umiza cha machimboni, jenereta ikinguruma huku na karasha likisaga mawe kule, nani anaisikia njia ya saba na ya nane? Mchimbaji aliyetoka duarani anataka kujua yule adui kasema nini.

Wazee wa Usukumani walilijua hili zamani. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kwa manju anayewavuta. Manju hakuwa na sabufa, bwana. Alikuwa na maneno.

Najua mtaniruka: wale wasimuliaji walitumia kazi za watu bila ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Kweli kabisa. Mwenye filamu ana haki yake na alipwe. Ila haki ya filamu ni kesi moja, ufundi wa kusimulia ni nyingine. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunahakiki riwaya ambazo jirani zetu hawajaziona, halafu mtu anayejaza kibanda kila jioni tunamwita mpiga kelele. Hiyo ni dharau, tena ya mtu asiye na wasomaji.

Na hizo deki zenyewe zinaaga. OPPO, waliosifiwa mno na mabingwa wa sauti, walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha kuzitengeneza. Leo filamu zinapita kwenye flashi na simu, na mabishano ya kijiweni yatahamia huko. Lugha yetu je, itahamia na nani?

Basi wewe unayeandika mashairi usiku, mtafute kijana mwenzako aliyepiga filamu fupi, mwombe ruhusa, uiandikie usimulizi. Tumia Kiswahili cha hapa, chenye Kisukuma ndani yake, kama tunavyosemeshana sokoni. Ujaribu kibandani. Watu wakiondoka, andika upya. Wakibaki, tuletee hapa tuuchape.