Mtegemea Mungu na Jirani Yake
Wiki hii, pale stendi ya Bagamoyo, nimesoma nyuma ya bajaji moja: “Namtegemea Mungu, binadamu mtanisamehe.” Tuliokuwa tukisubiri gari tukacheka, na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaitikia “Amina!” kwa sauti ya mtu aliyewahi kukopesha asilipwe. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, naye hakumung’unya maneno juu ya anayemfanya mwanadamu kuwa kinga yake. Lakini mji huu unajua zaidi. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Kama kuna waliokuwa na haki ya kutomwamini binadamu, ni hao waliouzwa na binadamu. Hata hivyo, Mungu waliyefundishwa kumtegemea aliwafikia kwa mikono ya watu. Kisha Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao wakafika misheni hiyo na mwili wa bwana wao, mpelelezi Livingstone, walioubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Na maiti hailipi wala haikaripii, lakini hawakuiacha njiani: binadamu naye anaweza kutegemewa. Mtegemea nundu haachi kunona, na nundu ya Mkristo ni Mungu, sibishi. Ila siku hizi nikisikia “mimi simtegemei mtu”, mara nyingi nasikia kinyongo kilichovaa kanzu ya ibada. Anayemtegemea Mungu kweli hatumtambui kwa kuwashuku majirani; tunamtambua kwa kuwa majirani wanaweza kumtegemea yeye.