Hakuna noti ya 60 na nusu

Jana jioni hapa Kabuchai nilisikiliza Pieces of Africa, albamu ya Kronos Quartet ya mwaka 1992. Kundi hilo ni la watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Humo kuna kazi ya Justinian Tamusuza, jirani yetu wa Uganda, aliyezitungia ala hizo za Ulaya muziki wenye asili ya Kiganda. Msiniambie ni mambo ya wazungu. Sisi Wabukusu tuna siilili, uzi mmoja na upinde wake. Hiyo nayo ni fidla, au siyo?

Kilichonikera ni kompyuta yangu. Shingo ya fidla haina vile vyuma vya gitaa, hivyo kidole hukaa popote, hata katikati ya noti mbili za piano. Programu zetu nyingi za muziki zimelelewa na piano. MIDI, lugha ya ala za kidijitali tangu 1983, huipa kila noti namba, 0 hadi 127. Namba 60 ni C ya kati, 61 ndiyo inayofuata. Ipo amri ya kupinda noti, lakini kwa kawaida hupinda chaneli nzima. Litungu lina nyuzi saba, na mpigaji huzikaza kwa sikio. Ukitaka kulitendea haki, kila uzi upe chaneli yake. Chaneli ziko 16, zinatosha kabisa.

Lakini nani ana subira hiyo? Kijana wa studio huvuta kila noti hadi ile ya piano iliyo karibu, anasema "nasafisha". Mzee akisikiliza, litungu lake limegeuka kinanda. Kesho mjukuu atajifunzia kwenye simu, akaze nyuzi kufuata rekodi ile, na sikio la babu limekwenda hivyo.

Basi ndugu msomaji, ukimrekodi mzee, hifadhi kwanza WAV ghafi. MP3 hutupa sehemu ya sauti na hairudi. Kabla ya wimbo, mwombe apige nyuzi moja moja. Audacity, programu huria, itakuonyesha masafa ya kila uzi kwa hezi. Yaandike kwenye faili la kawaida la maandishi, mistari saba tu, uliweke kando ya rekodi. Hata wapiga fidla wanne wakilipata, vidole vyao vitajua pa kukaa.