Kumuenzi Django siyo kudesa

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Jana usiku mwenzangu wa fidla kaja rumu kwetu na video ya wawili fulani, mmoja fidla mwingine gitaa, wanawaenzi magwiji wa jazz. Wakapiga "Minor Swing" ya Django Reinhardt na Stéphane Grappelli, solo ile ile ya mwaka 1937, hawakuacha hata noti moja. Rumu nzima makofi! Jamaa akanigeukia: "Umeona? Na sisi mwisho wa mwezi tunapiga hivi hivi." Nikasema mimi sipigi. Mpaka sasa hivi hatuongei.

Hebu nisikilizeni basi. Mtu akisimama mbele ya darasa akasoma desa la mwenzake kama kazi yake, si tunamzomea? Sasa akishika gitaa tumpigie makofi kwa lipi?

Magwiji wenyewe hawakufanya hivyo. Fidla na gitaa kwenye jazz hazikuanza na Django. Kule Marekani walikuwepo Joe Venuti na Eddie Lang, ambao mwaka 1926 walirekodi wakiwa wawili. Lang akafariki 1933. Mwaka uliofuata, Paris, Django na Grappelli wakawa na Quintette du Hot Club de France: fidla, magitaa matatu na besi. Ngoma hakuna, tarumbeta hakuna. Na Django huyo mwaka 1928 alikuwa ameungua, moto ulishika gari lililokuwa nyumba yake, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa. Solo akawa anazipiga kwa viwili vilivyobaki. Yaani hata angetaka kumnakili Lang, mkono ungekataa. Ikabidi atafute njia yake.

Halafu kuna hili: mwaka 1949, Roma, yeye na Grappelli waliirekodi tena "Minor Swing", na solo ni nyingine kabisa. Django mwenyewe hakujidesa, jamani!

Jamaa anasema bila kukariri huwezi kujifunza. Hapo sibishi. Mimi mwenyewe nimekaa na ile solo miezi, narudisha nyuma vipande vidogo vidogo mpaka vidole vinauma. Hiyo ni shule. Lakini shule tunafanyia rumu, jukwaani kwa jina la marehemu tupeleke tulichoelewa. Django alifariki 1953, Grappelli akaishi mpaka 1997, na nyimbo zile za zamani aliendelea kuzipiga na wapiga gitaa wengine, akibuni upya hadi uzeeni.

Sasa wewe ndugu yangu, najua utasoma hapa. Fidla yako imelelewa kwenye taarab, umeanza kuishika kwenu Unguja ukiwa mtoto. Grappelli hakuwa na hiyo, na kwenye ile video pia haipo. Kwa nini uifiche? Tupige "Minor Swing", wimbo ule ule, ila solo iwe yako. Ukipotea njiani mimi nipo nyuma nashika mdundo, hauanguki. Hapo wazee wale watakuwa wameenziwa kweli.

Mlango uko wazi, na chai ipo.

Haya, narudi kwenye desa, kesho tuna mtihani. (Msicheke, hilo nasomea rumu!)