Somo la nane: piga hesabu kabla ya kubeba mzigo

Kama uko Fomu Tatu Thika, Ruiru au hapo Juja katikati, mazungumzo haya si mageni kwako. Kuna mwenzako ametangaza kwamba anaongeza somo la nane. Shuleni halifundishwi, ama limegongana na somo lingine kwenye ratiba, kwa hivyo atajisomea mwenyewe likizo na usiku. Anaamini chuo kikuu kitamtazama kwa jicho zuri. Nawe unajiuliza, kwani mimi nabaki nyuma?

Kabla ya kumfuata, elewa mtihani unavyohesabiwa. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja, na mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kila somo lina pointi zisizozidi 12, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Ukifanya masomo manane, jumla inabaki 84. Hakuna anayekupa pointi za bidii. Somo la nane lina kazi moja tu kwenye gredi yako, nayo ni kuchukua nafasi ya somo lililokuangusha.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana Hisabati D+ (4), Kiingereza C+ (7), Kiswahili B- (8), Biolojia C+ (7), Kemia D (3), CRE B (9) na Jiografia C+ (7). Jumla ni 45. Hiyo ni C, na mlango wa shahada ni C+, inayoanzia pointi 46. Amekosa kwa pointi moja!

Sasa mpe somo la nane, tuseme Biashara, na apate C ya pointi 6. Kemia inatupwa nje, jumla inapanda hadi 48, na kijana ana C+. Mpaka hapo somo la nane limemwokoa, na yeyote anayekuambia kwamba halina faida kamwe anakudanganya.

Lakini zile saa za kusoma Biashara zilitoka wapi? Hazikuanguka kutoka mbinguni. Kama zilitoka kwa Hisabati, Biolojia na Jiografia, na kila moja ikashuka hatua moja tu, jumla inarudi palepale kwenye 45. Amefanya kazi ya mwaka mzima kusimama alipokuwa. Na kama saa hizohizo angezipeleka kwa Hisabati peke yake, akatoka D+ hadi C-, angefika 46 bila kununua kitabu hata kimoja kipya. Hisabati haitupwi nje hata ukifanya masomo tisa. Kamba hukatikia pabovu, na kwa wengi wetu pabovu ni hapo.

Halafu kuna KUCCPS. Wanapogawa nafasi za vyuo hawatazami gredi ya jumla pekee, bali pia masomo manne ya kundi la kozi unayoitaka, yaani klasta. Udaktari unatazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na somo jingine kama Kiingereza au Kiswahili. Ukiongeza Biashara ili uwe daktari, klasta yako haijasogea hata kidogo. Ukipandisha Kemia, umefaidika mara mbili: kwenye yale manne na kwenye yale saba. Ndiyo maana tunasema wazi kwamba kwa wanafunzi wengi, saa ya ziada ina thamani kubwa zaidi ndani ya masomo waliyo nayo tayari.

Kuna wale ambao kwao jibu ni tofauti. Wewe uliyeacha Fizikia mwisho wa Fomu Tu na sasa unaota uhandisi pale JKUAT, huna njia ya kuikwepa, maana kozi yenyewe inaidai. Lakini ujue Fizikia ina karatasi ya tatu, ya maabara, na huwezi kufanyia majaribio jikoni kwa mama. Masomo ya Kompyuta na Kilimo nayo yana mradi unaosimamiwa shuleni. Haya hayasomwi kwa daftari la kuazima. Historia, CRE na Biashara ndiyo mwanafunzi anaweza kujisomea, na hata hapo anahitaji mtu wa kumsahihishia insha na majibu. Kujisahihisha mwenyewe ni kama kujinyoa kisogo.

Tuongee pia kuhusu pesa, kwa sababu wengi huogopa kulitaja hili nyumbani. Mzazi anayeuza mboga Makongeni, au anayeamka alfajiri Kihunguro kukimbilia kazi Nairobi, akisikia "somo la ziada" anasikia tuisheni, vitabu na nauli. Atatafuta, hata kwa kukopa, kwa sababu anakuamini. Usimwombe hadi uwe na sababu unayoweza kumweleza kwa dakika mbili, tena ikaeleweka.

Na mwaka huu una uzito wake. Waliofanya KCPE ya mwisho 2023 ndio watakaofanya KCSE ya 8-4-4 mwaka wa 2027. Nyuma yao kuna CBC. Zamani aliyeteleza alirudi Fomu Tatu na wadogo zake, akafunika uso kidogo, akaendelea. Darasa hilo la nyuma halipo tena. Si wakati wa kubahatisha na masomo yako.

Kwa hivyo jiulize maswali manne. Je, kozi ninayoitaka inalidai somo hili, au kuna somo langu lililokwama ambalo hili linaweza kuliondoa? Je, Hisabati na lugha yangu zimetulia? Je, kuna mwalimu atakayesahihisha kazi yangu kila wiki? Je, shule imekubali kunisajili? Ukijibu ndiyo kwa yote manne, ongeza, na usimwogope mtu. Ukikosa hata moja, acha. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse nane.

Wikendi hii toa ripoti yako ya muhula uliopita. Andika pointi za kila somo, jumlisha, kisha zungushia zile nne za klasta yako. Jumatatu mpelekee mwalimu wa taaluma karatasi hiyo. Na ikitokea kwamba C+ imekukataa, C- inatosha kukuingiza diploma kwenye taasisi kama Thika Technical, na kutoka diploma wengi wamefika digrii.