Simu za Ndegeni na Vyombo Vilivyokufa Angani

Msomaji wetu mmoja, aliporejea kutoka Umra, alitueleza jambo lililomstaajabisha kuliko ukubwa wa ndege yenyewe. Ndege ilikuwa juu ya bahari, nchi kavu haionekani kuume wala kushoto, naye akampelekea mkewe salamu kwa simu yake ya mkononi. Na kabla hajamaliza kahawa yake jawabu likamfikia kwamba watoto hawajambo na mbuzi amezaa. Akatuuliza, "Maalim, maneno yale yalipita wapi?"

Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Leo twapenda kumjibu kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani ya jawabu lake mna jambo linalotuhusu sote, hata sisi tusiopanda ndege.

Juu ya mgongo wa ndege hutiwa antena. Antena hiyo hupeleka mawimbi kwenye setilaiti, nayo setilaiti huyateremsha kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo maneno husafiri kama ya simu nyingine yoyote. Setilaiti zenyewe, kwa kazi hii, ni za namna mbili. Ziko zilizo juu mno, kilomita 35,786 juu ya mstari wa Ikweta, ambazo huzunguka sawasawa na mzunguko wa dunia hata huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Na ziko za chini, zisizofika kilomita 2,000, ambazo hupita mbio, moja ikitua na nyingine ikichomoza.

Asidhani mtu kwamba kazi yake ni salamu na michezo tu. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipotea na watu 239. Rada zilipokwisha kuipoteza, setilaiti ya Inmarsat iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi iliendelea kuiita na kuitikiwa kwa muda wa saa sita hivi, na kwa hesabu ya miitikio hiyo ndipo ilipojulikana kwamba ilielekea kusini mwa bahari. Mwezi wa Juni 2016 kipande cha bawa lake kilipatikana kisiwani Pemba, na wachunguzi wa Australia wakathibitisha mwezi wa Septemba mwaka huo kwamba ni chake. Baada ya msiba huo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kanuni, iliyoanza Novemba 2018, kwamba ndege kubwa ya abiria iwapo juu ya bahari, mahali ilipo pajulikane walau kila baada ya dakika 15.

Kazi yenye uzito huo haikuachwa bila sheria. Huko Marekani, anayetaka kutumia antena hizi katika ndege hana budi kupata leseni ya Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, nayo humpa masharti. Antena ikikosa kuelekea mahali pake, inyamaze yenyewe papo hapo, isije ikamwaga mawimbi katika setilaiti ya jirani. Kituo cha ardhini kiiangalie daima. Na awepo mtu wa kupatikana kwa simu usiku na mchana, mwenye uwezo wa kuizima. Kadhalika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019, uliamua kwamba antena za vyombo viendavyo, katika masafa yaliyozungumzwa pale, zisitumike ndani ya mipaka ya nchi ila kwa idhini ya nchi hiyo. Maana yake ni kwamba hata nchi isiyo na setilaiti moja ina neno la kusema juu ya ndege ipitayo angani mwake. Tutalirudia neno hili.

Basi upande wa ndege umefungwa vizuri. Upande wa pili, ule wa setilaiti, ndio unaotutia wasiwasi. Antena ikikosea, mtu huizima. Lakini setilaiti iliyokwisha kufa haina wa kuizima wala kuielekeza, nayo huendelea kukimbia njiani mwake kama lori lisilo na dereva.

Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kiasi cha kilomita 790 kutoka ardhini, setilaiti Iridium 33 iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi. Ya kwanza ilikuwa hai, mojawapo ya kundi linalotumiwa na meli na ndege. Ya pili ilikuwa imekufa miaka mingi. Mwendo wa kugongana kwao ulizidi kilomita 11 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni sekunde saba hivi. Vikatoka vipande zaidi ya 2,000 vikubwa kiasi cha kuonekana kwa rada, na kila kimoja kikawa hatari kwa setilaiti nyingine zipitazo.

Mtu akiomba ruhusa ya kuchimba kisima kando ya njia wapitayo watoto wa chuoni, haulizwi upana wa mdomo wake tu. Huulizwa pia atakifunika kwa nini siku kitakapokauka. Kwa setilaiti swali hili lilichelewa sana. Tume ile ya Marekani ilianza kulidai kwa ukamilifu mwaka 2004: kila aombaye leseni ya setilaiti aeleze jinsi atakavyozuia mabaki, na kampuni za nje zitakazo kuwahudumia watu wa Marekani ziulizwe vilevile. Muda uliozoewa wa kuondoa chombo cha njia za chini ulikuwa miaka 25 baada ya kazi yake kwisha. Twasema bila kuficha kwamba muda huo ulikuwa wa kuchekesha. Mtoto aliyezaliwa siku setilaiti ilipokufa huwa ameoa kabla haijaondoka. Mwezi wa Septemba 2022 Tume iliufanya uwe miaka mitano.

Zile za juu hazirudishwi chini, kwa kuwa ni mbali mno. Husogezwa juu zaidi, mahali palipo kama makaburi yao. Kampuni ya DISH iliahidi kuipandisha setilaiti yake ya televisheni, EchoStar-7, kwa kilomita 300. Mwaka 2022 mafuta yakaishia njiani, ikapanda kilomita 122 hivi. Oktoba 2023 Tume ikaitoza dola 150,000, faini ya kwanza ya namna hiyo. Kwa kampuni ya ukubwa ule fedha hizi si adhabu, ni nauli. Ila twakubali kwamba mlango umefunguliwa.

Wala tusidanganyane kuwa karatasi yatosha. Tarehe 19 Oktoba 2024 setilaiti Intelsat 33e, iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi ikihudumia Ulaya, Afrika na Asia, ilivunjika vipande kabla ya umri wake kutimia. Huko juu hakuna hewa ya kuviburuta vipande hivyo vishuke.

Na vya chini navyo huweza kutushukia. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, iliangukia pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema mwanzoni kwamba ni pete ya roketi. Si setilaiti ya simu za ndege, lakini hakuna setilaiti ipandayo bila roketi. Kuna mkataba wa mwaka 1972 wa fidia, na Urusi ya Kisovieti iliwahi kuilipa Kanada dola milioni 3 za Kikanada mwaka 1981, kwa setilaiti iliyowaangukia mwaka 1978. Lakini mkataba huo humfaa anayemjua mwenye chombo.

Sasa turudi kwenye ile idhini. Kampuni ijapo katika nchi zetu kuomba ruhusa ya antena za ndege, wakuu wetu wa mawasiliano wasimwulize masafa na ada peke yake. Waulize pia: setilaiti mtakazotumia ni zipi, zitaondolewa vipi na kwa muda gani, na ikivunjika moja, nani tumwite na atalipa kutoka mfuko gani? Majibu hayo yaandikwe ndani ya kibali chenyewe, ili yakivunjwa, kibali nacho kifutwe.

Wako watakaosema kwamba nchi zisizo na nguvu zikiweka masharti makali zitakimbiwa. Nasi twauliza: ndege itokayo Ghuba kwenda Johannesburg itapita wapi, ila juu ya vichwa vyetu au juu ya bahari yetu?