Kogo Ameuziwa Hewa Moto

Neno terahezi limefika Ndanai kabla ya sayansi yake. Halikuletwa na mwalimu wa fizikia. Limeletwa na watu wenye kimashine kinachofanana na drai ya saluni. Wanawapulizia wazee hewa moto mgongoni na kuwaahidi kwamba mawimbi ya terahezi yanapenya mpaka ndani ya seli, yanafukuza kisukari, presha na maumivu ya magoti. Kogo, nyanya wa watu, anatoa pesa ya bonasi ya chai. Kesho anaambiwa alete majirani, naye apate kamisheni.

Huu ni wizi, na ushahidi uko kwenye terahezi yenyewe.

Haya ni mawimbi yaliyo kati ya maikrowevu na infraredi. Yana tabia moja ambayo wauzaji hawaitaji: maji huyameza. Na mwili wetu umejaa maji. Yakigusa ngozi yanaishia hapo, hata milimita moja hayamalizi. Kongosho, inayohusika na kisukari, iko mbali sana. Isitoshe, kila kitu chenye joto hutoa terahezi kidogo: jiko, ng'ombe, hata kikombe cha chai. Kama hiyo ingekuwa dawa, Bomet nzima ingekuwa imepona kwa kushika vikombe.

Utaniambia, "Lakini kogo anasikia afadhali." Ndiyo, joto hutuliza misuli. Chupa ya maji moto nayo hutuliza, na haiuzwi bei ya ndama. Hatari ni siku atakapoacha vidonge vyake kwa sababu ameambiwa mawimbi yanatosha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1995, B. B. Hu na M. C. Nuss wa AT&T Bell Laboratories, Marekani, walitumia mipigo mifupi mno ya leza kuzalisha terahezi, wakapiga nazo picha. Mojawapo ilikuwa ya jani. Walilipiga likiwa bichi, wakalirudia baada ya saa 48, na picha ikaonyesha jinsi maji yalivyopungua. Jani, jamani! Hapa kwetu kila kiwanda cha chai hunyausha majani kabla ya kuyasaga, yaani huyapunguza maji mpaka kiwango kinachofaa. Tabia ileile inayomfanya muuzaji awe mwongo, kwamba maji humeza terahezi, ndiyo ingetusaidia kupima jani.

Kwa hiyo lawama si ya matapeli peke yao. Wako wasomi wanaojua haya yote, ila wanayaandika kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo Ndanai haitayaona. Muuzaji anaongea Kikipsigis sokoni, kwa upole, na anakumbuka jina la kogo. Mkitaka sayansi ishinde, nanyi njooni sokoni. Ongeeni.